Ng'ombe wa Mzee Kisyeri, Miguu Juu

Kufuli lilifungwa kwa nje saa tatu na dakika saba asubuhi.

Klak.

Gati hakugeuka. Alisikiliza hatua zikiondoka kwenye korido, sita, kisha mlango wa ofisi ya jirani, kisha kiti kikilalamika chini ya mtu mzito. Ndipo alipokitazama chumba upya, kwa macho ya mtu anayetafuta pa kutokea.

Dirisha moja lenye nondo, na nje ya nondo bati lililopigiliwa misumari. Mlango wa chuma. Taa mbili kubwa za studio zimesimama kwenye miguu yake mitatu mitatu, na stendi tupu ya akiba. Kamera ya Canon. Kompyuta moja.

Hakuna simu.

Simu yake ilikuwa mfukoni mwa Joram, pamoja na kalamu nyeusi yenye kinasa sauti tumboni. Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza. Ilimdondoka mezani, ikafunguka, na Joram akaona kisichopaswa kuwamo ndani ya kalamu.

Kwa miezi minne Gati alikuwa akipanda ngazi za nyumba hii ya Nkende, mjini Tarime, akijulikana kama mhariri wa picha wa tovuti ya watalii. Idara ya kupambana na ujangili iliyomtuma ilimjulisha mtu mmoja tu kazi yake ya kweli humu, naye alikuwa mbali, Musoma. Alikuwa amezoea kuingia humu kwa kujiamini. Leo jasho lilimtiririka mgongoni, na hakuwa na haja ya kujidanganya kwamba ni joto la bati.

Aliogopa.

"Gati." Sauti ya Joram ilipita kwenye kitundu cha mlango. Joram alikuwa mwenye kampuni, mzaliwa wa Tarime aliyekulia Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na Kiswahili chake kilirudi na vumbi la huko. "Si tulikuwa tunakula chapati pamoja hapa? Sasa ona vile umenifanyia."

"Fungua mlango, Joram."

"Wacha mchezo. Plagini imekwama. Picha sitini ziko kwenye foleni na mteja anazitaka kabla ya saa tano. Itengeneze, halafu tutaongea mambo yako ya kwenda nyumbani."

Wote wawili walijua kwamba hakuna nyumbani.

Biashara ya Joram, ukiitazama juu juu, ilikuwa safi kuliko sahani ya mgeni. Watalii waliotoka Serengeti walimtumia picha kushindania zawadi ya mwezi. Picha kubwa, nzito. Ndani ya tovuti kulikuwa na kijiprogramu kilichochomekwa, mafundi wanakiita plagini. Kazi yake ilikuwa kuipunguza kila picha iwe ndogo kama stempu, kisha kuirusha kwenye faharasa ya utafutaji, ile orodha inayomwezesha mtu wa popote kuandika "tembo" akaona tembo. Ukiandika "kifaru" unaona vifaru.

Lakini kamera za siku hizi zina umbea. Kila picha hubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Joram aliiacha siri hiyo isafiri ndani ya zile picha ndogo, na wateja wake wa ng'ambo waliokuwa na ufunguo waliisoma kama ramani. Hakuna barua wala simu. Kifaru anapigwa picha Jumatatu, Alhamisi anapigwa risasi.

Gati alikaa kwenye kompyuta. Njia zote za mtandao zilikuwa zimezibwa isipokuwa moja, ile ya plagini kwenda kwenye faharasa. Kwenye ofisi ya jirani Joram alikuwa na kioo kinachoonyesha kila picha ndogo inayopita. Majina ya picha yaligeuzwa namba na mfumo wenyewe. Maelezo yalisubiri kibali cha Joram. Kitu pekee alichoweza kuchagua ni aina ya mnyama, kutoka kwenye orodha fupi.

Bomba jembamba, na mlinzi amekaa mdomoni mwake.

Kisha akasikia simu ya Joram ikiita upande wa pili wa ukuta. Ukuta ulikuwa wa mbao laini. Joram aliujengesha kwa haraka, na haraka haraka haina baraka.

"Ehe, mura," Joram alisema, akimwita mtu wake kijana. "Mko wapi?... Sawa. Kivukoni kwa Kisyeri, saa tano. Ni askari watatu tu. Yule Vedasto ndiye analinda kifaru na mtoto wake. Maliza hao, hata mmoja asibaki, halafu mchukue pembe."

Gati aliinamisha kichwa karibu na ukuta.

Vedasto.

Askari wa wanyamapori, kwa kabila Mnata wa Serengeti, mwenye kicheko kikubwa na buti zilizopasuka. Miaka sita walifanya kazi pamoja, yeye porini na Gati mjini. Mwezi uliopita mke wake, Judith, alijifungua binti, na Vedasto alisafiri mpaka Tarime kumwambia Gati uso kwa uso: mtoto tumempa jina lako. Mtu wa kabila jingine, amevuka wilaya kuja kumpa heshima ile! Gati alimpakata somo yake huyo mara moja tu. Alikuwa na uzito wa kuku.

Saa tano mtoto yule angekuwa yatima.

Upande wa pili Joram alifungua redio. Mkwaruzo, kisha sauti ya Vedasto, aliyoijua Gati kuliko zote. Kumbe walikuwa wakisikiliza mawasiliano ya doria muda wote huu.

"Shangazi, Shangazi, hapa Doria Tatu. Tumeanza safari. Tunavukia kwa Kisyeri kama kawaida."

"Doria Tatu, nimekupata," mwanamke alijibu. Huyo alikuwa Eunice, mkuu wake Gati, Musoma. Ndiye mtu mmoja aliyejua.

Makubaliano yake na Eunice yalikuwa mepesi: Gati asiporipoti saa tatu, Eunice atafungua tovuti ya Joram na kuandika "kifaru" kila baada ya dakika kumi, aone kama kuna jambo. Jambo gani, hawakupanga. Nani alifikiria kufungiwa chumbani na Canon?

Saa tatu na nusu.

Aliitengeneza plagini kwa dakika nane. Kabla ya kuiachia foleni aliweka alama kwenye kisanduku kimoja kilichofichwa chini kabisa ya ukurasa: *futa taarifa za ndani*. Picha za vifaru zilianza kupungua na kuruka, moja, mbili, tatu, nzuri kwa macho na tupu matumboni. Mteja angepata vifaru sitini wasio na anwani.

Hilo moja. Lakini Vedasto alikuwa bado njiani.

Akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu ya risasi mambo yote: kivuko, saa, bunduki. Akaipiga picha na kuijaribu kwenye kompyuta kabla ya kuituma. Plagini ikaisaga hadi udogo wa stempu. Maandishi yakawa majivu.

Akawaza kuandika kwa herufi kubwa, neno moja. Neno hilo Eunice angelisoma. Joram pia angelisoma, tena kabla yake.

Madogo hayasomeki na makubwa yanasomwa na wote. Gati alikunja karatasi, akaitafuna na kuimeza. Ilikuwa na ladha ya chaki. Alitamani kulia na akajikatalia, maana machozi huziba macho na macho alikuwa akiyahitaji.

"Doria Tatu kwa Shangazi. Kilomita tisa kufika mtoni."

Alipekua ghala la picha bila kujua anatafuta nini. Mfa maji haachi kutapatapa. Tembo. Twiga. Wazungu kwenye Land Cruiser. Nyumba za vijijini. Ng'ombe.

Mkono ukasimama.

Ng'ombe dume mweupe, ubavuni, kwenye mwanga wa asubuhi. Alimpiga picha yeye mwenyewe miezi miwili iliyopita kwa ajili ya ukurasa wa utalii wa vijijini. Kwenye paja palikuwa na chapa ya moto, kubwa kama sinia: duara lenye miguu miwili.

Chapa ya Mzee Kisyeri.

Gati alizaliwa kijijini Kerende na kukua nyuma ya mikia ya ng'ombe. Chapa haichomwi ili isomwe ukiwa umesimama karibu. Inachomwa isomwe na mtu aliye kilima kingine, jua likiwa machoni, ng'ombe wakiwa wanaswagwa mbio na wezi. Ukiipunguza haifi, maana ilizaliwa kwa ajili ya umbali. Na Eunice alikuwa akiijua chapa hii kuliko sura ya mume wake. Mwaka juzi ng'ombe thelathini na wanne wa Kisyeri waliibwa, naye ndiye aliyewafuata siku tatu kwa miguu, akiwatenga mmoja mmoja na mifugo ya watu kwa duara hilo hilo.

Na Joram? Joram alikulia shule za bweni. Ng'ombe alimjua akiwa amechomwa, tena pembeni kuna ugali.

Basi, mahali pamepatikana. Lakini ng'ombe amesimama tu anakula majani. Anasema nini? Kwamba Kisyeri ana afya?

Gati alibonyeza kitufe cha kugeuza. Mara moja. Mara mbili.

Ng'ombe wa Mzee Kisyeri akalala hewani, miguu juu.

Hakuna mfugaji wa Mara atakayeiona picha hiyo asishtuke: miguu juu ni kifo. Gati alichagua aina ya mnyama: kifaru. Akatuma.

Hatua sita. Kufuli. Mlango ukafunguka kwa nguvu na Joram akaingia, bastola ikiwa kwenye mkanda na shati limelowa kwapani.

"Hii ni nini?"

"Ipi?"

"Si nilikuambia vifaru? Kuna ng'ombe hapa! Ng'ombe, tena kichwa chini!"

Gati aliinua mikono yake ikitetemeka. Hakuhitaji kuigiza. "Nimekosea, bosi. Unanifungia, mikono yenyewe hii, naona sioni. Nilidhani kifaru."

Joram aliitazama picha. Aliitazama chapa. Gati aliona macho yake yakipita juu ya lile duara, yakarudi, yakapita tena.

Kisha Joram akacheka.

"Jasusi mzima! Hajui ng'ombe na kifaru, hata kugeuza picha hajui. Serikali yenu imekwisha." Akamsukuma, akashika kipanya na kuifuta ile picha mwenyewe. Ikatoweka kwenye ghala. "Endelea. Ukikosea tena nitakufundisha kwa njia nyingine."

Klak.

Gati aliketi chini sakafuni. Kwa miezi minne alikuwa akimwambia Joram kwamba plagini ile ina kasoro. Ilijua kupeleka, ila kurudisha haikufundishwa. Ukiifuta picha kwenye tovuti, nakala yake ndogo hubaki kwenye faharasa mpaka mtu aende kuiondoa kwa mkono. Joram kila mara alimjibu, achana na hayo, piga kazi.

Ng'ombe alikuwa bado huko nje. Sasa ilibaki Eunice atazame.

Saa nne na dakika tano.

Saa nne na robo.

Hakuna kinachochosha kama kusubiri mtu ambaye hajui kama anasubiriwa. Gati alizitazama nondo, akalitazama bati, akasikia muziki wa duka la chini na mama mmoja akibishania bei ya dagaa. Watu walikuwa hatua thelathini kutoka hapo. Angepiga kelele, Joram angefika kabla yao. Akajiuliza kama Eunice amekwenda kunywa chai. Akamchukia kwa dakika nzima kwa chai ambayo huenda hakuinywa.

"Doria Tatu. Kilomita nne."

Upande wa pili Joram alipiga simu. "Mura, wanakuja. Kilomita nne. Kaa chini ya ukingo."

Redio ikakwaruza.

"Doria Tatu, hapa Shangazi."

Gati alibandika sikio ukutani.

"Endelea, Shangazi."

"Nina habari mbaya, mwanangu." Sauti ya Eunice ilikuwa nzito na ya polepole, sauti ya kanisani. "Kuna msiba kwa Mzee Kisyeri. Nimeletewa taarifa sasa hivi. Mpite pale nyumbani kwanza, mtoe pole kwa niaba yetu."

"Msiba? Jamani! Jana nimekunywa maziwa kwake. Ni nani amefariki?"

"Sijaambiwa. Nendeni. Msivuke kabla hamjafika pale."

"Sawa, Shangazi. Tunakata kushoto, tunapanda kwake."

Gati alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Machozi aliyoyakataza yakatoka bila ruhusa.

Ng'ombe amefika.

Akaelewa pia ujanja wa yule mama. Redio ilikuwa na masikio mengi, na Eunice alilihisi hilo. Angesema "hatari" wale wa mtoni wangetawanyika, au wangelivamia gari la doria. Lakini msiba! Mtu wa huku anaweza kudanganya kuhusu ng'ombe, mpaka wa shamba, hata umri wake. Kuhusu kifo hadanganyi. Hakuna anayekitamka bure juu ya nyumba ya mtu, na hivyo hakuna anayekitilia shaka. Wala hakuna anayepita karibu na nyumba yenye msiba akaendelea na safari.

"Wamekata kona," simu ya Joram ilisema kwa sauti iliyosikika hadi chumbani. "Wamepanda kwa mzee."

"Wameenda msibani," Joram alijibu. "Tulieni. Ni chai, ni pole, watashuka tu. Hata sisi tuna adabu, mura, mtu apewe nafasi ya kuzika."

Akacheka. Hata yeye, na uovu wake wote, hakuwaza kwamba msiba unaweza kuwa uongo.

"Shangazi, hapa Doria Tatu. Tumefika msibani. Tunazima redio kwa heshima."

"Zimeni, mwanangu."

Nyumba ya Kisyeri iko juu ya kilima. Kivuko kiko chini yake. Gati alikumbuka mandhari yote, maana ndiko alikopigia ile picha: ukisimama kwenye zizi unaona mto wote, ukingo, na mgongo wa kila anayejificha chini ya ukingo.

Akafuta uso. Akasimama.

Sasa ilikuwa zamu yake.

Alizivuta taa mbili za studio, zile zinazolipuka mwanga kamera ikibonyezwa, hadi zikauelekea mlango, usawa wa uso wa mtu mrefu. Akazungusha nguvu hadi mwisho. Akazima kioo cha kompyuta, akang'oa balbu ya darini, chumba kikawa giza. Akashika kamera mkono wa kulia, kidole kikiwa juu ya kitufe, na mkono wa kushoto akashika mguu mmoja wa chuma, aliouchomoa kwenye stendi ya akiba.

Saa tano kasoro dakika tatu.

Simu ya Joram iliita. Akapokea. "Ehe, mura?"

Hakuwa mura.

"Habari za asubuhi," sauti ya Vedasto ilisema, tulivu kabisa. "Vijana wako sita wako chini ya ulinzi. Hakuna aliyeumia. Mmoja anaomba maji."

Kiti kilianguka. Hatua sita, za mbio safari hii. Ufunguo ulihangaika kwenye kufuli, mlango ukapigwa teke, na Joram akaingia gizani bastola ikiwa mbele.

"Wewe ng'om—"

Gati alifumba macho, akabonyeza.

Mwanga mweupe ulilipuka kutoka pande mbili. Joram akapiga ukelele na risasi, risasi ikaingia darini. Chuma kikashuka juu ya kiganja chake. Bastola ikaanguka. Chuma kikashuka tena, nyuma ya goti, na mtu mzito akakaa chini akitapatapa hewani kwa mikono, haoni kitu zaidi ya madoa ya zambarau.

Gati aliipiga teke bastola hadi koridoni. Akachukua simu yake kutoka mfuko wa shati la Joram, na funguo zilizokuwa zikining'inia mlangoni.

"Ulikuwa ni ng'ombe wa Kisyeri," alimwambia. "Mtoto wa miaka saba wa kwetu angekuambia."

Klak.

Ngazini alipishana na askari wanne wa Tarime waliotumwa na Eunice. Aliwapa ufunguo na kuwaonyesha mlango. Chini, jua la Nkende lilimpiga usoni na hakulikwepa. Simu ikaita.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. U mzima?"

"Mzima. Mteja wake?"

"Vijana wa mtoni wamemtaja. Amekamatwa Sirari, ndani ya Hilux, anapekua picha za vifaru na kulalamika kwamba hazina kitu ndani." Eunice alikohoa. "Ila tuna tatizo."

Gati akasimama. "Tatizo gani?"

"Mzee Kisyeri. Vedasto alimkuta anakunywa uji. Mzee akauliza, nani amekufa kwangu? Lakini habari kwamba amekufa yeye ilishawatangulia, maana redio zetu kumbe kila mtu anasikiliza. Sasa hivi kwake wamejaa majirani, wanawake wanalia, shemeji yake ameleta gunia la unga. Mzee amekasirika. Anasema aliyemuua aje amfufue kwa mdomo wake mwenyewe, na asije mikono mitupu."

"Nitakwenda mimi. Ng'ombe nilimlaza mimi."

"Basi nenda. Judith naye yupo njiani kwenda huko na mtoto. Alisikia msiba na doria kwenye sentensi moja, hakungoja maelezo."

Gati alikata simu. Aliingia dukani, akanunua sukari kilo mbili na majani ya chai. Akavuka barabara, akanyoosha mkono. Bodaboda ikasimama.

"Wapi, dada?"

"Stendi. Nawahi gari, naenda msibani."

Dereva alizima redio yake ndogo kwa adabu. "Pole sana. Nani amefariki?"

Gati alipanda, akaiweka sukari mapajani. Asubuhi nzima sauti yake haikumwangusha mbele ya Joram. Sasa ilimwangusha mbele ya mtu asiyemjua.

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyefariki. Twende."